Ukurasa wa Nne

Kambini, chini ya mlima
Tarehe 2 Machi

Injinia wangu,

Salamu zitakuwa fupi maana nimenawa mkono mmoja tu, huu wa kuandikia. Mimi mzima, mtambo mzima, na vijana wangu wazima, ila mmoja anayeumwa mgongo kila tunapopakia mabomba na kupona kila chai inapoiva. Wewe je? Kula unakula? Sauti yako sijaisikia tangu likizo. Simu ya ofisi ya hapa siipendi. Karani kaiweka mezani kwake, na ukiongea maneno mawili, hata anayepita na ndoo anajua mambo ya kwenu.

Tumehamia kazi mpya. Tunachimba visima sita chini ya mlima uliokuwa na machimbo zamani, maji yake yapelekwe mjini. Wachimbaji wale waliondoka kabla mimi na wewe hatujazaliwa, wakaacha jiko la mawe lisilo na paa na mashimo mawili makubwa. Usiogope. Mashimo yote mawili yamo kwenye ramani na tumeyazungushia waya. Ramani yenyewe imetoka huko huko chuoni kwenu, kwenye makabati ya zamani, na mistari yake imenyooka mpaka raha. Nilipoiona nilisema huyu aliyechora alikuwa mtu wa maana, na mdogo wangu naye yuko njiani.

Hapa kila mtu anakujua. Mzee Grisi, yule fundi aliyenipokea nikiwa na miaka kumi na saba, sijui spana inashikwa upande gani, anakuita "injinia wetu". Kwenye kifurushi hiki amekuwekea timazi yake ya shaba ya kupimia kama ukuta umesimama wima, aliyopewa na fundi wake alipokuwa kijana. Nilimwambia abaki nayo. Akasema macho yake siku hizi yanaona ukuta umesimama hata ukiwa umelala, bora timazi imfuate mwenye macho. Anataka kitu kimoja tu, kwamba siku moja umuonyeshe daraja ulilochora wewe.

Msimamizi naye amesema ukimaliza mwaka huu atakupokea. Nikamwambia miaka minne ya uhandisi si mchezo. Unamkumbuka binti wa jirani yetu, yule aliyesoma historia? Nimemkuta mjini anapanga viatu kwenye duka la mjomba wake. Nikamuuliza, mwenzangu, historia imekufikisha wapi? Akacheka, nami nikacheka, ila moyoni nilishukuru. Baba alipofariki nafasi ya kusoma ilibaki ya mtu mmoja. Nilikuachia wewe, na wewe hukuichezea.

Niandikie.

Dada yako,
Bi Spana (ndivyo wanavyoniita, usicheke)


Chuoni
Tarehe 11 Machi

Dada yangu mpenzi,

Barua yako niliisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti ili chumba hiki kiache kuwa kimya. Mimi mzima. Kula nakula, ingawa mpishi wetu ana ugomvi na chumvi ambao hakuna anayejua ulianza lini.

Timazi imefika. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Nimeiweka mezani juu ya karatasi zangu feni isizipeperushe, na kila nikiitazama naona aibu kidogo, maana sijafanya lolote la kustahili. Mwambie Mzee Grisi namshukuru sana. Daraja lake linakuja. Mambo ya karakana yanaendelea, tunapima hiki na kile, walimu ni wakali, unajua mwenyewe.

Ramani unayoisema naijua. Mwaka wa pili mwalimu alinituma kwenye chumba cha kumbukumbu nikamtafutie, na niliibeba kwa mikono yangu hii. Ilikuwa imefungwa pamoja na bahasha nyingi za karatasi nyingine za machimbo hayo hayo. Ajabu kwamba imekufikia wewe.

Halafu nina swali, si langu. Rafiki yangu mmoja hapa aliacha uhandisi akahamia historia, na nyumbani kwao hawajui. Anasoma vizuri, ana furaha, ila anaogopa. Wewe ungemwambia nini?

Mdogo wako


Chuoni
Tarehe 20 Machi

Dada,

Nakuandikia haraka. Mwalimu wetu wa udongo amechunguza eneo lenu kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Amegundua kwamba kuna shimo la tatu ambalo halipo kwenye ramani. Liko nyuma ya jiko la mawe, kama hatua arobaini kuelekea kijito. Juu limefunikwa na udongo mwembamba tu. Kwa hesabu zake, nguvu ya ardhi hapo kubeba mzigo ni mita tano na nusu, na mgandamizo wa udongo ni nyuzi kumi na nane, yaani chini kabisa ya kiwango kinachokubalika.

Kwa hiyo nakuomba msipeleke mtambo nyuma ya jiko. Mwambie msimamizi ni utafiti wa chuo.

Nitakuletea hesabu kamili baadaye. Nisalimie Mzee Grisi.

Mdogo wako


Kambini
Tarehe 27 Machi

Injinia,

Nimecheka mpaka vijana wakaja kuuliza kuna nini, halafu nikaacha kucheka, nikaingiwa na wasiwasi juu yako. Tangu lini ardhi ikabeba mzigo kwa mita? Mita ni urefu, mdogo wangu. Na huo mgandamizo wa nyuzi kumi na nane ni wa udongo au wa homa? Mimi sikukaa darasani, lakini miaka kumi na mitatu nimelala na kuamka na vitu hivi. Hata fundi baiskeli asingeandika vile. Nilimuonyesha Mzee Grisi, akaitazama sana, akasema "kijana anasoma mno, macho yamechoka", akaikunja. Anakupenda yule, hata ukikosea anakufunika.

Sasa nisikilize. Kisima cha nne kiko hapo hapo unapopasema, nyuma ya jiko. Mpimaji amekwisha kupiga kigingi. Mtambo unahamia huko Ijumaa ya tarehe 10 Aprili asubuhi. Siwezi kwenda kwa msimamizi na hesabu ile. Atanicheka mimi, na wewe nafasi yako itaota mbawa.

Lakini najiuliza, umeambiwa na nani hasa? Picha ya ndege haihesabu hatua arobaini. Hatua huhesabiwa na mtu mwenye miguu. Kama kuna mtu aliyewahi kufanya kazi huku, au mtoto wake, au yeyote aliyekuwepo, akakusimulia, niambie hivyo tu. Nitasimamisha mtambo siku hiyo hiyo, msimamizi apende asipende. Maneno ya mtu aliyekuwepo nayaheshimu. Namba za kubuni siziheshimu, hata zikitoka kwako. Niambie umeyatoa wapi.

Na yule rafiki yako wa historia, mwambie namuonea huruma dada yake.

Bi Spana


Chuoni
Tarehe 2 Aprili

Dada,

Samahani kwa hesabu zile, nilikosea nilipokuwa nanakili. Kuhusu aliyesema, ni jambo refu kidogo. Jumatatu nitakuandikia kila kitu vizuri. Naomba unisubiri, na uifuate barua hiyo posta mwenyewe, asiichukue karani.

Mdogo wako


Chuoni
Tarehe 6 Aprili

Dada yangu,

Naomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujanikasirikia. Nimeiandika mara sita. Tano nimezichana.

Yule rafiki niliyekuuliza habari zake hayupo. Ni mimi. Sisomi uhandisi. Niliacha katikati ya mwaka wa pili, na sasa karibu miaka miwili imepita nikisoma historia, nikikuandikia habari za karakana ambayo sijaikanyaga. Mwalimu wa udongo nilimbuni, na daraja la Mzee Grisi halipo hata kwa penseli. Kila ulipokuwa ukiniita injinia, nilikuwa naitika kwa jina lisilo langu, na kila muhula ulioulipia jasho lako lilikuwa linakwenda mahali usipopajua. Sina neno la kuufanya uongo huu uwe mdogo.

Acha nikueleze ulivyoanza, si kujitetea, ila ujue. Siku ile mwalimu aliponituma kutafuta ramani ya mlima wenu, nilimletea bahasha zote zilizofungwa pamoja nayo. Akaichukua ramani, akaniambia, hayo mengine rudisha. Nikarudi nayo kwenye chumba cha kumbukumbu. Kabla ya kuyarudisha kabatini nikafungua bahasha moja, nikiwa nimesimama tu. Ilikuwa barua. Mchimbaji mmoja anamuuliza mkewe kama mtoto ameota meno. Nikafungua nyingine, na nyingine. Zilikuwa zaidi ya mia mbili, Dada. Wachimbaji wale waliandika kwao, wengine kwa mkono wa karani, na wakubwa wa machimbo walizisoma kwanza kabla ya kuzipeleka posta. Zile ambazo hawakuzipenda walizizuia, wakaziweka kabatini. Hazikuwahi kutumwa. Wake zao na mama zao walikaa wakisubiri, wakadhani wamesahauliwa.

Nilikaa chini pale sakafuni nikazisoma mpaka mlinzi akaja kufunga. Kesho yake nikarudi. Darasani nilikuwa naandika namba na akili iko kwa yule mtoto wa meno. Nilijaribu kujilazimisha muhula mzima. Nilifaulu hata mtihani, usidhani nilishindwa. Ila nilijua kwamba madaraja yatajengwa na wengine, na barua zile hakuna mwingine anayezisoma. Nikaenda ofisini nikabadili. Siku hiyo hiyo nilishika kalamu nikuambie, nikaandika habari za karakana. Uongo wa kwanza ulikuwa mistari miwili tu.

Najua utauliza, zinamsaidia nani barua za watu waliokufa? Nilijiuliza pia. Wewe unachimba na maji yanatoka, watu wanakunywa. Mimi nachimba na inatoka karatasi. Sikuwa na jibu la kukupa, ndiyo maana niliogopa. Sikuogopa hasira yako tu. Niliogopa utaniuliza kwa upole, kama ulivyomuuliza binti wa jirani, na mimi nitacheka kama alivyocheka yeye.

Sasa jibu ninalo, na ndilo lililonifanya nikuandikie haraka ile tarehe 20. Tarehe 19 Machi nilifungua barua ambayo nilikuwa sijaifikia. Nainakili hapa kama ilivyo:

"Mke wangu, leo tumelifunika shimo la tatu. Tumelaza magogo ishirini na manne, tukamwaga udongo, tukakanyaga mpaka pamekuwa kama uwanja. Wenzetu watatu wamo ndani. Tumeambiwa atakayesema hataruhusiwa kurudi kwao. Nakuandikia wewe ili awepo mtu mmoja anayejua. Ni nyuma ya jiko la mawe, hatua arobaini kuelekea kijito."

Huyu ndiye mtu uliyeniuliza, Dada, yule aliyekuwepo, mwenye miguu. Magogo yale yana miaka mingi kuliko umri wako na wangu. Yameoza. Usipeleke mtambo pale.

Ukishanikasirikia, nikasirikie. Ila mtambo usiende.

Mdogo wako


Kambini
Tarehe 13 Aprili

Mzee Grisi amekufa. Mtambo umeingia kwenye shimo lako la tatu, Ijumaa saa nne asubuhi, na yeye alikuwa kwenye kiti cha kuendeshea. Kiti changu.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa kwa sababu hakuna mwingine wa kukueleza, na kwa sababu nikikaa nalo peke yangu nitapasuka.

Uliniambia niifuate barua posta mwenyewe. Ijumaa asubuhi tukawa tunahamisha mtambo, na lori la barua lilikuwa limeshaingia mjini. Nikasema nitakwenda jioni. Mzee Grisi akasema, "Nenda sasa, mtoto ameahidi kukueleza, na wewe tangu juzi hata bolti unazifunga kinyume. Mimi nitakushikia kiti." Nikamwachia ufunguo. Akavaa kofia yangu ngumu kwa sababu yake ilikuwa na ufa. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona, kofia yangu kichwani kwake, imempwaya.

Barua nilipewa saa mbili na nusu. Nikaifungua pale pale kwenye kaunta. Nilisoma ukurasa wa kwanza.

Uliomba nisome mpaka mwisho kabla sijakasirika. Nilikasirika kabla. Nilisoma kwamba husomi uhandisi, kwamba mwalimu wa udongo ulimbuni. Unajua nilifikiria nini? Nilifikiria, basi hata shimo amelibuni. Mtu aliyenidanganya miaka miwili amenidanganya na hilo. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni. Nikaenda kibandani nikaagiza chai, nikainywa nimesimama, nikaagiza nyingine. Halafu nikarudi kwa miguu taratibu kwa sababu sikutaka vijana wanione nikilia.

Mlingoti wa mtambo wetu huonekana tangu kwenye kona ya barabara. Nilifika kwenye kona nikautafuta. Haukuwepo. Nilisimama nikajiambia nimekosea kona.

Kurasa nyingine nilizisoma mchana, wakati wanashusha kamba. Nilikuwa nimekaa kwenye ukuta wa lile jiko la mawe. Shimo lilikuwa kwenye ukurasa wa nne. Nimehesabu. Kurasa tatu ni wewe, na uongo wako, na machozi yako, na mtoto aliyeota meno. Mzee Grisi umemweka wa nne, mwishoni.

Mimi sijui wanawafundisha nini huko. Huku kwetu ripoti ya hatari huanza na hatari. Unaandika "shimo, nyuma ya jiko, usikanyage", halafu ukitaka kunisimulia maisha yako nisimulie mpaka kesho. Ungeanza na ile barua ya mchimbaji, hata kwa mstari mmoja tu, ningekimbia. Kutoka posta mpaka kambini ni saa moja kwa mwendo wa kawaida. Nikikimbia ningefika mtambo bado uko kwenye magurudumu.

Na simu je? Namba ya ofisi unayo.

Tumemtoa Jumamosi. Chini yake wametoa na mifupa ya watu watatu.

Sijui nimalizie vipi barua hii.


Chuoni
Tarehe 17 Aprili

Dada,

Barua yako nilipewa mlangoni. Mpaka sasa sijakumbuka nilivyorudi chumbani.

Simu nilipiga mara mbili. Tarehe 28 Machi na tarehe 1 Aprili. Mara zote karani akapokea, akasema "Ee, injinia wa Bi Spana", na nikasikia watu nyuma yake. Nikafikiria itabidi niseme mbele ya wote kwamba mimi si injinia. Nikakata. Nilimuua kwa sababu ya watu watatu wanne ofisini waliokuwa wanakunywa chai.

Uliponiuliza nimeyatoa wapi, jibu lilikuwa neno moja: barua. Nilikuwa nalo mkononi. Timazi yake ilikuwa imelala juu ya karatasi yenyewe.

Niambie nifanye nini. Lolote.

Mdogo wako


Kambini
Tarehe 22 Aprili

Mdogo wangu,

Usiniambie lolote, lolote ni kubwa mno. Nitakuambia moja.

Kwanza ujue hali. Jana walikuja wakubwa watatu kuchunguza ajali. Msimamizi alikuwa ameshaandaa karatasi: ramani ilionyesha mashimo mawili, hapakuwa na namna ya kujua, bahati mbaya. Nikawauliza, hiyo ramani aliyeitoa chuoni aliacha nini kwenye hilo kabati? Nikatoa barua yako, nikaweka ukurasa wa nne juu. Msimamizi akanivuta pembeni, akaniambia, "Bi Spana, ukiitoa hii, mdogo wako ataonekana ndiye aliyeua, na wewe uliyekuwa nayo mfukoni." Nikamwambia ndivyo ilivyo, aiandike. Na aandike pia kwamba ramani ilichukuliwa na maneno ya watu yakaachwa kwenye kabati. Wameichukua nakala. Mimi wamenisimamisha kazi mpaka wamalize. Sijali sana. Hata wangeniambia niwashe mtambo leo, mkono usingenyanyuka.

Nimekaa siku nyingi na hasira, nataka niseme ulikosea kuiacha kazi ya maana ukaenda kusoma barua za marehemu. Nimejaribu kulisema na halisemeki. Wote walioishika ile bahasha kabla yako, hakuna aliyesoma. Wahandisi, wapimaji, na mimi niliyesifia mistari ya ramani. Wewe peke yako ulisoma. Ungebaki kwenye uhandisi, tungekufa vilevile na hakuna ambaye angejua kwa nini. Kwa hiyo kusoma hukukosea. Ulikosea kunidhania mimi. Ulidhani nitakubali neno lako likivaa namba tu. Na mimi ndiye niliyekufundisha kudhani hivyo, na yule binti wa viatu, na kicheko changu. Hilo nimelikubali, na linaniuma kuliko uongo wako.

Sasa kazi yako. Mke wa Mzee Grisi ameambiwa ni bahati mbaya. Hajui kwamba palikuwa na mtu anayejua. Mimi nilikwenda kumwambia, nikafika, akaniwekea kiti, akaanza kunipa pole mimi, nikashindwa. Nimekaa pale nusu siku nikimsaidia kukunja nguo za marehemu na sikusema. Umechagua kazi ya maneno. Basi mwandikie. Na safari hii usianze na wewe.

Dada yako


Chuoni
Tarehe 26 Aprili

Mama,

Nilijua kwamba pale alipofia mumeo pana shimo, na nilijua siku ishirini na mbili kabla hajafa.

Mimi ni mdogo wake Bi Spana, yule ambaye mzee alikuwa akimwita injinia. Si injinia. Nilikuwa nimemficha dada kwamba nasoma historia, na shimo nililijua kwa kusoma barua za zamani za wachimbaji. Ili siri yangu isijulikane, nilisema habari zimetoka kwa mwalimu ambaye hayupo, nikaongeza hesabu za uongo. Dada alijua mitambo, akaona hesabu ni za uongo, akashindwa kuzipeleka kwa msimamizi. Aliniuliza nimeyatoa wapi. Nilichelewa siku kumi kumjibu. Nilipomjibu, nilianza kwa kujieleza mimi, na shimo likawa nyuma, hivyo alipojua nimemdanganya akadhani na shimo ni la uongo. Haikuwa bahati mbaya kama walivyokuambia. Dada yangu alikuja kwako akataka kukuambia, akashindwa kwa sababu ulimpa pole.

Mzee alinitumia timazi yake. Niliipokea nikijua si haki yangu. Imo kwenye kitambaa kile kile alichoifungia.

Barua niliyoisoma iliandikwa na mchimbaji kwa mke wake, kumweleza lilipo shimo na nani wamo ndani, ili awepo mtu mmoja anayejua. Wakubwa wake waliizuia, na mke yule hakuipata. Mtu mmoja aliyekuja kujua, miaka yote hiyo baadaye, alikuwa mimi.

Hii siitii posta. Naileta mwenyewe Jumamosi, na dada atakuwa nami. Utakapoishika nitakuwa nimesimama hapo mlangoni, na ukisema niondoke nitaondoka. Ukiwa huna nguvu ya kusoma, nitakusomea mimi, kwa sauti, kuanzia mstari wa kwanza.

Mdogo wake Bi Spana